Kompyuta nzito au programu zinajifunga: utajuaje kama dawa ni kumbukumbu pepe?

Ukilalamika kwamba kompyuta yako ni nzito, ushauri unaozunguka kwenye video na makundi ya WhatsApp ni huu: ingia kwenye mipangilio ya Windows, ongeza kumbukumbu pepe (virtual memory), yaani sehemu ya diski inayoisaidia RAM, kumbukumbu ya haraka ya kompyuta, weka mara moja na nusu ya RAM yako, washa upya, kazi imekwisha. Wengi hufanya hivyo na mashine hubaki vilevile. Wengine huenda upande wa pili: wanaizima kabisa kwa sababu wameambiwa inakula diski, halafu baada ya siku chache kivinjari kinaanza kujifunga katikati ya kazi na hawajui kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Na wapo wanaotoza hela kwa kubadilisha namba mbili kwenye dirisha hilo, kisha wakamwambia mteja ameongezewa RAM. Hajaongezewa kitu.

Mpangilio huu una kazi yake halali, na inapohitajika hauna mbadala. Ila unatibu ugonjwa mmoja, na ugonjwa unaowasumbua wengi ni mwingine. Programu kujifunga ghafla au kugoma kufunguka ni jambo moja. Kompyuta kuganda kila ukibadilisha dirisha huku taa ya diski ikiwaka bila kuzima ni jambo la pili. La kwanza, kumbukumbu pepe inaweza kulimaliza kabisa. La pili haligusi.

## Kinachoendelea ndani

Windows huigawa kumbukumbu katika kurasa ndogo za KB 4. Programu yenyewe haijui ukurasa wake umewekwa wapi. Unaweza kuwa kwenye RAM, unaweza kuwa kwenye diski, ndani ya faili lililofichwa liitwalo pagefile.sys ambalo kwa kawaida hukaa diski C. Wazo hili ni la zamani: lilianza kufanya kazi kwenye kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962, enzi ambapo kumbukumbu ya haraka ilikuwa ghali mno na ngoma ya sumaku ndiyo iliyobeba mzigo uliobaki.

Programu inapoomba nafasi, Windows huiahidi. Jumla ya ahadi zote haiwezi kuzidi RAM uliyonayo ukijumlisha na ukubwa wa pagefile.sys. RAM ya GB 8 na faili la GB 4, kikomo ni kama GB 12. Kikomo kikifikiwa, anayeomba tena ananyimwa, hata kama kwenye RAM kuna sehemu ambayo haijaguswa, maana sehemu hiyo tayari imeahidiwa kwa mwingine. Windows ni kali hapa kuliko Linux, ambayo kwa kawaida iko tayari kuahidi zaidi ya ilichonacho. Ndiyo maana kwenye Windows faili hili lina umuhimu hata pale ambapo karibu halitumiki: uwepo wake tu unaongeza kikomo cha ahadi.

Kasi ni hesabu nyingine. RAM hujibu ndani ya nanosekunde 100 hivi. Hard diski ya laptop inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huchukua zaidi ya milisekunde 10 kuufikia ukurasa mmoja ulioko mbali, yaani muda mrefu mara laki moja. SSD ya SATA, diski isiyo na sehemu inayozunguka, huufikia kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Ni nafuu kubwa mno ukilinganisha na hard diski, lakini hata hiyo haikaribii RAM. Kwa hiyo kila ukurasa unaotupwa diski na kuhitajika tena unakugharimu muda, na ukubwa wa faili haupunguzi gharama hiyo hata kidogo.

## Pima kabla ya kugusa kitu

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager, nenda "Performance", kisha "Memory". Fungua kwanza programu zako zote za kila siku, zile unazofanya nazo kazi kwa pamoja, ndipo usome. Kupima kompyuta ambayo haina kitu kilichofunguliwa ni kujidanganya.

Namba zinazohitajika ni tatu: "In use" (RAM inayotumika), "Committed" (ahadi zilizotolewa, kisha kikomo chake), na ukihamia upande wa "Disk", asilimia ya shughuli pamoja na "Average response time".

Chukua kompyuta ya steshenari, aina tunazozijua: ya mtumba, RAM ya GB 4, hard diski ya GB 500, Chrome ina kurasa za TRA, NIDA na barua pepe, Word iko wazi, skana iko wazi, na antivirusi inazunguka. "In use" inasoma GB 3.5 kati ya 3.9. "Committed" inasoma 6.2/8.4. Diski iko asilimia 100 na muda wa kujibu umevuka milisekunde 500. Soma namba ya katikati kwa makini: ahadi hazijafika kikomo, bado kuna zaidi ya GB 2. Hapa hata ukiweka pagefile.sys ya GB 20, mteja atasubiri vilevile karatasi yake itoke. Kilichokwisha ni RAM, na kinachoteseka ni diski.

Sasa chukua laptop ya mwanafunzi yenye RAM ya GB 8 na SSD. "In use" ni 5.6 kati ya 7.9. "Committed" ni 8.7/8.9. Diski imetulia asilimia 4. Mashine ni nyepesi kabisa, lakini kila akifungua mradi mkubwa programu inajifunga. Tazama kikomo: 8.9 ni RAM yake pamoja na GB 1 tu. Kuna mtu aliwahi kuifunga pagefile.sys kwenye MB 1024. Hapa mpangilio wa kumbukumbu pepe ndio dawa, na unaponya papo hapo.

Ukitaka kuingia ndani zaidi, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, fungua "Memory" na uangalie "Hard Faults/sec", yaani mara ngapi kwa sekunde ukurasa unalazimika kuchukuliwa kutoka diski. Idadi ikipanda programu inapofunguka usishtuke, kwa sababu programu husomwa kutoka diski kwa njia hiyohiyo. Ikibaki juu dakika nzima wakati wewe unahamahama tu kati ya madirisha yaliyokwisha kufunguka, RAM haitoshi. Na kwenye PowerShell, amri hii huonyesha faili lenyewe linavyotumika:

Get-CimInstance Win32_PageFileUsage | Format-List *

"AllocatedBaseSize" ni ukubwa wake, "CurrentUsage" ni kiasi kinachotumika sasa, "PeakUsage" ni kiwango cha juu lilichofikia tangu kompyuta iwashwe. Vyote viko kwa MB.

## Programu zinajifunga, au Windows inakuonya kumbukumbu inakwisha

Huu ndio ugonjwa wenyewe wa kumbukumbu pepe. Windows inakuambia uhifadhi kazi zako na kufunga programu, au Chrome inakuonyesha ukurasa mtupu wenye ujumbe kwamba kumbukumbu imekwisha, au mchezo unatoka bila kuaga.

Usibahatishe, Windows huandika. Fungua Event Viewer, ingia "Windows Logs", kisha "System", na utafute tukio namba 2004 kutoka "Resource-Exhaustion-Detector". Ndani yake utakuta majina ya programu zilizokuwa zimechukua kumbukumbu pepe nyingi kuliko zote wakati huo, na kiasi cha kila moja. Tukio hilo moja linaokoa saa nzima ya kukisia.

Sababu ni chache. Ya kwanza, na ndiyo ninayoanza nayo siku zote, ni kwamba pagefile.sys imezimwa au imefungwa kwenye ukubwa mdogo. Kompyuta nyingi za mtumba hufika zikiwa tayari zimechezewa hivyo, au aliyepiga Windows alifuata video ya "kuipa kompyuta kasi".

Ya pili ni diski C kujaa. Faili linaweza kuwa limeachiwa Windows ilisimamie, lakini kama C imebakiwa na MB 700 haliwezi kukua. Hapo usihangaike na namba. Futa vilivyomo kwenye "Temporary files", hamisha video na picha, toa programu zisizotumika, ndipo upime tena.

Ya tatu ni programu inayovuja, inayoomba nafasi bila kurudisha. Nitaieleza peke yake hapa chini, maana kuongeza faili kwa ajili ya programu ya namna hiyo ni kuahirisha tu.

## Kubadilisha mpangilio wenyewe

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika SystemPropertiesPerformance, bonyeza Enter. Nenda "Advanced", chini ya "Virtual memory" bonyeza "Change". Juu kabisa kuna kisanduku cha "Automatically manage paging file size for all drives". Kama hakina tiki, kiwekee tiki, bonyeza OK, washa upya, na rudi kupima. Kwa watu wengi utatuzi unaishia hapo, na sioni aibu kusema kwamba dawa kubwa ya dirisha hili ni kuliacha lijiendeshe.

Ile kanuni ya mara moja na nusu ni masalia ya wakati ambapo RAM ilihesabiwa kwa megabaiti. Ukiitumia leo kwenye mashine ya GB 32 unatenga GB 48 bila sababu, na kwenye mashine ya GB 4 inayobeba mzigo mkubwa GB 6 zinaweza zisitoshe. Windows 10 na 11 zinapojisimamia huruhusu faili likue hadi mara tatu ya RAM au GB 4, ile iliyo kubwa zaidi, ila lisivuke sehemu ya nane ya ukubwa wa diski husika. Shikilia kipande hicho cha mwisho. Laptop ndogo yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 32 haitapata GB 12. Itakwama chini ya GB 4. Vivyo hivyo kama mtu aliigawa diski na C ikapewa GB 40, faili litaishia kwenye GB 5 hata kama D ina mamia ya gigabaiti yaliyo wazi.

Hapo ndipo kuweka kwa mkono kunapokuwa na maana, na namba hutoka kwenye kipimo chako. Fungua kila kitu unachotumia siku yenye kazi nyingi kuliko zote, soma "Committed", toa RAM, halafu ongeza nafasi ya kupumulia. Ikiwa ahadi zinafika GB 14 na RAM ni GB 8, unahitaji si chini ya GB 6 kwenye faili. Toa tiki, chagua diski, chagua "Custom size", andika 6144 kwenye "Initial size" na 10240 kwenye "Maximum size". Namba ni za MB, na GB 1 ni MB 1024. Aliyeandika 8 akimaanisha gigabaiti nane atakataliwa, kwa sababu kiwango cha chini ni MB 16.

Kisha bonyeza "Set". Kitufe hiki husahaulika kuliko vyote: mtu anaandika namba, anaenda moja kwa moja OK, dirisha linafungwa, na hakuna kilichobadilika. Baada ya "Set" namba zionekane kwenye orodha ya juu mbele ya jina la diski. Ukiongeza ukubwa, mara nyingi kazi huanza palepale. Ukipunguza lazima uwashe upya.

Je, faili lihamie D? Kama D ni kipande kingine cha diski ileile, hupati kasi yoyote, ni sindano ileile inayokimbia huku na huko. Kama C ni SSD na D ni hard diski, kulihamisha ni kuirudisha nyuma kompyuta. Inafaa pale C inapokuwa ndogo kweli na D nayo ni SSD.

Na hofu ya kuichosha SSD iachwe. Mwaka 2009, wakati SSD zilikuwa bado dhaifu, wahandisi wa Windows 7 walieleza walichokiona kwenye vipimo vyao: pagefile.sys husomwa takriban mara 40 kwa kila mara moja inapoandikwa, na usomaji huo ni wa vipande vidogovidogo. Hiyo ndiyo kazi ambayo SSD huifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote.

## Kompyuta ni nzito, diski asilimia 100

Malalamiko haya ndiyo mengi, na ndipo watu hupoteza muda kwenye kumbukumbu pepe.

Fungua tena resmon, safari hii nenda "Disk", na upange orodha kwa jumla ya baiti. Tazama safu ya majina ya mafaili. Kama pagefile.sys inakaa juu muda wote, kurasa zinahamishwa kati ya RAM na diski bila kupumzika: ukirudi Word, kurasa za Chrome zinatupwa, ukirudi Chrome, za Word zinatupwa. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning aliieleza hali hii kwa undani, kwamba ikishazidi, mashine hutumia muda mwingi kuhamisha kurasa kuliko kufanya kazi. Kuongeza faili hakuipunguzi. Kinachoipunguza ni kupunguza kazi zinazoendelea kwa pamoja au kuongeza RAM.

Kama pagefile.sys haipo juu, una mtuhumiwa mwingine kabisa. MsMpEng.exe ni antivirusi ya Windows inakagua. Inaweza pia kuwa Windows inajisasisha, hasa kompyuta iliyokaa wiki nzima bila intaneti halafu ikaunganishwa leo. Iache imalize, hata kama ni saa mbili. Antivirusi mbili kwenye mashine moja ni mateso, toa moja. Na kama kasi ya kusoma ni ndogo sana, KB chache tu kwa sekunde, lakini diski bado inasema asilimia 100, hiyo diski inaumwa.

Ukiona "Memory Compression" inachukua mamia ya megabaiti, usiifukuze. Tangu Windows 10, mfumo hukandamiza kwanza kurasa zisizotumika palepale kwenye RAM kabla ya kuzipeleka diski, na kukandamiza kwa prosesa ni haraka mno kuliko kuandika kwenye hard diski. Ni rafiki.

Yasiyo na gharama yaje kwanza. Kwenye Task Manager, "Startup apps", zima vinavyojiwasha bila sababu: Teams, visaidizi vya printa, vipakuzi. Washa "Memory Saver" kwenye Chrome au "Sleeping tabs" kwenye Edge ili kurasa ulizoziacha ziachie RAM. Kisha pima tena. Kwenye mashine ya GB 4 hatua hizi pekee zinaweza kuleta tofauti unayoiona kwa macho.

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, na mashine bado ina hard diski, mimi ningenunua SSD kwanza. Najua wengi watapinga na kusema RAM. RAM inaondoa chanzo, kweli, lakini SSD inapunguza maumivu ya kila kitu: kuwasha, kufungua programu, kusasisha, na hata kurasa zenyewe zinapolazimika kwenda diski. Mashine ya GB 4 yenye SSD inafanyika kazi. Ya GB 8 yenye hard diski ya zamani bado itakuweka ukingoja kila asubuhi. Baada ya hapo ongeza RAM.

Unapokwenda kununua RAM, jua aina yako kabla hujatoka nyumbani. Task Manager huonyesha "Slots used", kwa mfano 1 of 2, ambayo ni habari njema. Laptop za HP EliteBook 840 G1 na Dell Latitude E7440 hutumia RAM ya aina ya DDR3L. EliteBook 840 G3 hutumia DDR4. Haziingiliani, hata tundu lake limekatwa mahali tofauti. Ukiwa na shaka, fungua mfuniko, toa kipande kilichopo na uende nacho dukani.

## Matumizi yanapanda bila wewe kufungua kitu

Asubuhi "Committed" ni GB 5, jioni ni GB 11, na programu ni zilezile. Kuna inayovuja. Kwenye Task Manager nenda "Details", bonyeza kulia vichwa vya safu, chagua "Select columns", ongeza "Commit size" na upange. Safu ya kawaida ya kumbukumbu haionyeshi ukweli wote, kwa sababu programu inaweza kuwa na ahadi ya GB 4 huku iliyomo kwenye RAM ni MB 300. Ukimpata mhusika, mfunge, umsasishe, na ikishindikana mtafutie mbadala.

Kama jumla ya programu zote haifikii namba kubwa unayoiona, rudi "Performance" na uangalie "Non-paged pool". Hiyo ni kumbukumbu ya kiini cha mfumo na draiva (programu zinazoendesha vifaa), na haiwezi kupelekwa diski hata kidogo. Kwa kompyuta ya kawaida hubaki kwenye mamia ya megabaiti. Ikivuka gigabaiti na kuendelea kupanda siku nzima, kuna draiva mbovu. Mimi huanza na za mtandao, za Wi-Fi na kebo, kisha antivirusi za nje na VPN. Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptop yenyewe, si kwenye zile programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa bonyezo moja.

## Windows inawaka na kusema imetengeneza faili la muda

Ujumbe huu unatokea unapoingia, ukisema kulikuwa na tatizo la mpangilio wa faili la kurasa. Mara nyingi mpangilio unaelekeza kwenye diski ambayo haipo tena au imebadilika herufi: jana E, leo F. Au C imejaa pomoni. Au faili lenyewe limeharibika baada ya umeme kukatika.

Fungua dirisha lile la kumbukumbu pepe, toa tiki ya juu, pitia kila diski ukiweka "No paging file" na "Set", kisha washa upya. Rudi, weka tiki ya kujisimamia, washa upya tena. Windows italitengeneza upya. Hakikisha tu kabla ya hapo kwamba C ina gigabaiti kadhaa zilizo wazi.

## Skrini ya bluu yenye KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR

Hapa acha mipangilio kabisa. Ujumbe huu, wenye msimbo 0x7A, maana yake mfumo ulikwenda diski kuchukua ukurasa wake wa ndani ukashindwa kuusoma. Angalia Event Viewer: tukio namba 51 linataja hitilafu ya diski wakati wa kuhamisha kurasa, namba 7 linataja sehemu mbovu ya diski. Ukiyaona hayo, nakili kazi zako kwenye diski nyingine leo, kabla ya jambo lolote. Usianze na chkdsk /r kwenye diski inayokufa, kwa sababu inaisoma yote kutoka mwanzo hadi mwisho na inaweza kummalizia mgonjwa. Nakala kwanza, uchunguzi baadaye. Kwenye kompyuta ya mezani jaribu pia kebo nyingine ya SATA; ni ya bei ndogo na huwa ndiyo chanzo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kama diski ni nzima, endesha mdsched.exe upime RAM.

## RAM ni GB 8 lakini inatumika GB 3 na kitu

Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na kiuhalisia huachia pungufu ya hapo. Angalia "System type" kwenye "About". Kama ni ya biti 64, fungua msconfig, nenda "Boot", kisha "Advanced options", na utazame "Maximum memory". Kuna video zinazowashauri watu waweke tiki hapo ili kuongeza kasi. Kisanduku hicho hakiongezi, kinaweka mpaka. Toa tiki, washa upya.

## Programu moja tu inalalamika, nyingine zote nzima

Excel inasema kumbukumbu haitoshi, ukitazama Task Manager kuna GB 6 zimelala. Nenda "File", "Account", "About Excel". Ikiwa ni ya biti 32, ina nafasi yake ya anwani isiyovuka GB 2, au GB 4 kwa matoleo mapya kwenye Windows ya biti 64, na pagefile.sys hata ikiwa kubwa kama diski haiwezi kuipanua. Toa Office hiyo, weka ya biti 64. Photoshop nayo ikisema "scratch disk" imejaa, inazungumzia faili lake la kazi, ambalo halihusiani na la Windows: ifungulie nafasi kwenye diski, au ndani ya mipangilio yake uichagulie diski nyingine.

## Laptop ambazo RAM yake imechomelewa

Laptop nyingi ndogo za bei nafuu zina GB 4 zilizochomelewa kwenye ubao na hifadhi ya eMMC (chipu ya hifadhi iliyo kwenye ubao) ya GB 32 au 64. Hakuna tundu la kuongeza RAM. Kwa mwenye mashine ya namna hii, acha pagefile.sys iwepo, usiizime kamwe; uhai wa Chrome unaitegemea. Kama nafasi ya diski inabana, kuna faili jingine la kulitoa kabla ya kuligusa hili: hiberfil.sys, ambalo huhifadhi hali ya kompyuta inapolala. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, nalo linaondoka pamoja na gigabaiti zake. Utapoteza uwezo wa kulaza kompyuta kwa njia ya "Hibernate", na kuwaka kwake kutachukua muda kidogo zaidi. Nafasi iliyopatikana iachie pagefile.sys ikue, weka kivinjari kimoja tu, na kurasa zisizohitajika uzifunge kabla ya kufungua Word.